Ukikutana na "undertake": namna ya kuisoma, kuitumia na kuitafsiri

Swali hili haliishi. Mtu anatuma picha ya fomu ya benki, amezungushia mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, na chini yake ameandika: "Undertake hapa ni nini? Kamusi inasema kufanya, lakini sielewi nafanya nini." Kesho yake anakuja mwanafunzi anayetaka kujua kama aandike kwenye wasifu wake kwamba "undertook" diploma. Keshokutwa ni mtafsiri wa mikataba. Majibu yao yanafanana, basi nimeyaweka hapa yote kwa utaratibu.

Kitenzi hiki kina kazi mbili. Ya kwanza ni kufanya, hasa shughuli nzito au ya muda mrefu. Ya pili ni kuahidi kwa namna ya kujifunga. Ukikosea ya kwanza, umeharibu Kiingereza tu na mwalimu atakusahihisha. Ukiisoma ya pili kana kwamba ni ya kwanza, unaweza kusaini deni la mtu mwingine huku ukitabasamu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Sentensi nzima. Neno peke yake halitakusaidia, na ndiyo maana wanaoniuliza "undertake ni nini?" bila kuleta sentensi huwa nawarudishia swali. Kama ni fomu au mkataba, uwe na ukurasa mzima pamoja na sehemu ya sahihi.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza lugha. Za Oxford, Cambridge na Longman zinasomeka bure kwenye intaneti. Kamusi ndogo za mfukoni hutoa maana moja na kunyamaza.
- Kalamu na karatasi.
- Jibu la swali hili: wewe hapo ni nani? Msomaji tu, mwandishi, mtafsiri, au ndiye unayetakiwa kusaini?

Maumbo yake ni undertake, undertook, undertaken, undertaking. "Undertaked" haipo. Mkazo wa sauti unaangukia "take", mwishoni.

Hatua kwa hatua

1. Tazama kinachofuata mara baada ya kitenzi.

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi kubwa kuliko zote. Piga mstari chini ya maneno mawili au matatu yanayofuata, kisha ulinganishe:

- Kinafuata jina la shughuli ("undertake a survey", "undertake repairs"): maana ni kufanya.
- Kinafuata "to" pamoja na kitenzi ("undertake to pay"): maana ni kuahidi.
- Kinafuata "that" pamoja na sentensi ("undertake that the goods are new"): ni kuahidi au kuthibitisha kwa kujifunga.
- Kinafuata "to" pamoja na mtu au taasisi ("undertake to the court", "undertake to the bank"): bado ni ahadi, na hapo umeonyeshwa anayeahidiwa. Endelea kusoma, ahadi yenyewe inakuja mbele.

Angalia pia sentensi za kutendwa. "The study was undertaken in Mwanza" ni utafiti uliofanyika Mwanza, hakuna aliyeahidi chochote.

2. Ikiwa ni kufanya, pima uzito wa shughuli.

Kitenzi hiki hakibebi vitu vyepesi. Unaweza ku-undertake utafiti, ukarabati, safari ndefu, mafunzo, ukaguzi wa hesabu, mradi wa maji. Huwezi ku-undertake chai ya saa nne. Aliyeandika "I undertook lunch with the manager" anaeleweka, ila mwenye lugha atacheka pembeni.

Kuhusu masomo, kwenye wasifu wa Wakenya wengi utakuta "currently undertaking a Bachelor of Commerce". Si kosa, ila ni zito bila sababu. "Studying for" inatosha na inasomeka vizuri. Mtihani, kwa upande wake, hau-undertake-iwi: Mwingereza ana-"sit" au ana-"take" mtihani.

3. Ikiwa ni kuahidi, chukulia kwamba ni ahadi yenye meno.

Kwetu tunasema ahadi ni deni. Hapa deni hilo linaweza kukufuata hadi mahakamani. "I promise to pay" na "I undertake to pay" zinakaribiana, lakini ya pili ni lugha ya watu wanaojua wanaandika nini, na wanaoisoma wanaichukua hivyo.

Ndiyo maana mikataba ya nchi imejaa kitenzi hiki. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unasema katika ibara ya 5 kwamba nchi wanachama "undertake to establish" umoja wa forodha, soko la pamoja, kisha umoja wa fedha na hatimaye shirikisho la kisiasa. Ukiisoma hiyo kama "zinafanya" umepotea, maana shirikisho lenyewe halijafika. Nchi zimejifunga kulianzisha.

Uzito wake umewahi kubishaniwa kwenye mahakama kubwa. Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948 unazitaja nchi kwamba "undertake to prevent and to punish" uhalifu huo. Mwaka 2007, katika kesi ya Bosnia na Herzegovina dhidi ya Serbia na Montenegro, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ililitazama neno hilo lenyewe na kusema maana yake ya kawaida ni kutoa ahadi rasmi, kujifunga, kukubali wajibu. Mahakama ilikataa kulichukua kama neno la kuhimizana tu.

Mwaka uliofuata, kule Marekani, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Katika kesi ya Medellín, mfungwa aliyehukumiwa kifo, dhidi ya jimbo la Texas, Mahakama ya Juu ilisoma ibara ya 94 ya Hati ya Umoja wa Mataifa, inayosema kila mwanachama "undertakes to comply" na uamuzi wa Mahakama ya Kimataifa. Ikasema ndiyo, nchi imejifunga, lakini hiyo ni ahadi ya kuchukua hatua baadaye kupitia serikali na bunge. Maneno hayo peke yake hayaziamuru mahakama za ndani. Medellín alinyongwa? Hapana, kwa Texas ni sindano, na alidungwa Agosti 2008. Nimeingia huko kidogo ili uone kwamba "to" hiyo inaelekeza mbele: mtu anajifunga kwamba atafanya, bado hajafanya.

4. Tafuta "not" imekaa wapi.

Linganisha hizi mbili polepole:

"The Recipient undertakes not to disclose the information."
"The Company does not undertake to update the information."

Ya kwanza ni ahadi ya kutofanya: mpokeaji anajifunga kwamba hatatoa siri. Ya pili ni kukataa kuahidi: kampuni inaweza kusasisha taarifa ikipenda, ila usije ukaidai. Kosa ninaloliona kwa watafsiri ni kuandika "Kampuni haitasasisha taarifa hizi". Kampuni haijasema hivyo. Andika "Kampuni haiahidi kusasisha taarifa hizi" au "haiwajibiki kusasisha". Tofauti hii ndogo ndiyo mawakili wanalipwa kuigombania.

5. Uliza nani anajifunga, kwa nani, mpaka lini.

Sasa shika kalamu. Andika mwenye ahadi, anayeahidiwa, kitu kinachoahidiwa, tarehe ya mwisho, na sharti kama lipo. Ukishindwa kujaza mojawapo, usisaini kwanza.

Kuna maneno matatu yanayopenda kutembea na undertake, na kila moja linabadilisha mzigo:

- "Jointly and severally". Watu watatu wamedhamini mkopo wa shilingi 300,000 na wamesaini wakiwa na maneno haya. Wengi hudhani kila mmoja atadaiwa 100,000. Benki ina haki ya kumfuata mmoja wao, yule mwenye mshahara wa uhakika, na kumdai 300,000 zote. Yeye ndiye atakayehangaika na wenzake baadaye.
- "Undertakes to procure that". Unaahidi kwamba mtu mwingine atafanya jambo. Asipofanya, aliyevunja ahadi ni wewe.
- "Undertakes to use reasonable endeavours to". Hapa mzigo unapungua. Unaahidi kujitahidi, huahidi matokeo. "Best endeavours" ni nzito zaidi ya "reasonable".

Wenye ndugu Uingereza nao wakae macho. Anayemwalika mzazi mzee au mtegemezi mwingine mtu mzima ahamie huko hutakiwa kusaini ahadi ya aina hii, kwamba ndiye atakayemlisha, kumpa mahali pa kuishi na kumtunza bila msaada wa serikali, kwa miaka 5. Usiichukulie kama barua ya mwaliko wa harusi.

6. Chagua neno la Kiswahili kulingana na kazi yake.

Kwa maana ya kufanya, acha shughuli yenyewe ikuchagulie kitenzi. Utafiti unafanywa au unaendeshwa, mradi unatekelezwa, na safari inafungwa: "undertook a journey to Tabora" ni "alifunga safari kwenda Tabora". Hiyo ndiyo raha ya lugha yetu, usiitupe kwa kuandika "alifanya safari" kila mahali.

Kwa maana ya kuahidi, kwenye barua ya kawaida "ninaahidi" inatosha. Kwenye mkataba, ongeza nguvu: "anaahidi na kujifunga", "anakubali kuwajibika". Usiandike "naapa", kiapo ni jambo jingine, kina Mungu au sheria yake ya viapo, na hati ya kiapo ni waraka tofauti kabisa. Usikimbilie "anadhamini" pia. Mdhamini analipa mwingine akishindwa, ilhali aliye-undertake huenda anaahidi jambo lake mwenyewe.

7. Ukiandika wewe, jiulize kama unaihitaji kweli.

Kwenye ripoti, "We undertook a survey of 40 households" ni nzuri na rasmi. "We did a survey" inaonekana ya mtaani, "we conducted" ni nzuri vilevile. Kwenye barua pepe ya kazini ni habari tofauti. Ukiandika "We undertake to deliver by Friday" kwa sababu tu inasikika kisomi, umeifunga kampuni kwa maandishi, na Ijumaa ikipita mteja ataichapisha barua hiyo. "We expect to deliver by Friday" ingekuachia nafasi ya kupumua.

Mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho

Chukua kipande hiki, cha aina inayoandikwa kila siku Kenya kwenye mauzo ya ploti:

"We hereby undertake to remit the balance of the purchase price to yourselves within fourteen days of registration of the transfer in favour of our client."

Kinachofuata undertake ni "to remit", basi ni ahadi. Hakuna "not". Nani anaahidi? "We", yaani ofisi ya mawakili wa mnunuzi. Soma tena hapo: mnunuzi mwenyewe ni "our client", hayumo kwenye ahadi. Kwa nani? "Yourselves", mawakili wa muuzaji. Kitu gani? Salio la bei. Lini? Ndani ya siku 14 tangu uhamisho wa umiliki usajiliwe. Sharti ni usajili huo. Usipofanyika, siku hazianzi kuhesabiwa.

Barua hii ndiyo inayomfanya muuzaji akubali kuachia hati kabla ya kuona pesa. Na ina nguvu: wakili aliyeiandika anabanwa yeye binafsi, hata kama mteja wake ametoweka, na Kenya kuna njia maalumu ya kumfikisha Mahakama Kuu, kwenye Agizo la 52, kanuni ya 7 ya Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010. Hivyo ukiwa muuzaji, soma kama barua inasema "we undertake" au "our client undertakes". Neno moja hilo linahamisha ahadi kutoka kwa wakili kwenda kwa mnunuzi usiyemjua.

Tafsiri yangu ingekuwa: "Tunaahidi na kujifunga kwamba tutawalipa salio la bei ya ununuzi ndani ya siku kumi na nne tangu kusajiliwa kwa uhamisho wa umiliki kwa jina la mteja wetu." "Hereby" nimeiacha. Ukitaka kuandika "kwa barua hii", andika, hakuna atakayekufunga.

Makosa yanayojirudia

"The patient undertook surgery." Hili ni namba moja, na hata magazeti hulitoa. Mgonjwa ana-"undergo" upasuaji, kwa maana anafanyiwa. Anayefanya ni daktari. Kwa sentensi ile, mgonjwa ameshika kisu mwenyewe.

"We undertook repairing the roof." Baada ya undertake usiweke kitenzi chenye "-ing". Sema "undertook repairs to the roof" kama mlifanya, au "undertook to repair the roof" kama mliahidi. Ona jinsi maana zinavyoachana: ya pili haisemi kama paa lilitengenezwa.

"He undertook me to pay." Mtu hawekwi hapo katikati. "He undertook to pay me."

Kuchanganya na "overtake" na "take over". "Overtake" ni kupita, "take over" ni kutwaa uongozi au biashara. Ila kuna kichekesho: Uingereza, ambako wanaendesha kushoto kama sisi, dereva anayepita gari lingine kwa upande wa kushoto wanasema ana-"undertake". Ni lugha ya barabarani, na kupita hivyo kwenye barabara kuu zao ni jambo linalokatazwa. Ukiikuta kwenye habari ya ajali, usitafute ahadi humo.

Ukikwama

Neno ni "undertaking" na hujui ni kitenzi au jina. Tazama kama lina "a", "an", "the" au "this" mbele yake. "An undertaking to the court" ni ahadi rasmi kwa mahakama. "A huge undertaking" ni kazi kubwa. Na kwenye sheria za ushindani wa biashara, ikiwemo ya Kenya, "undertaking" ni biashara au kampuni yenyewe. Sheria za namna hiyo huwa na sehemu ya tafsiri ya maneno mwanzoni. Anzia huko kabla hujabuni.

Umekuta "undertaker". Leo ni mwandaaji wa mazishi, na imekuwa hivyo tangu mwishoni mwa karne ya 17. Mashabiki wa mieleka wanamjua mwingine. Kwenye maandishi ya zamani sana ya Kiingereza, neno linaweza kuwa mtu yeyote aliyeshika shughuli fulani, basi tarehe ya maandishi ndiyo ikuongoze.

Sentensi inakubali maana zote mbili. Mara nyingi ni pale undertake inapofuatwa na jina la shughuli ambayo pia ni wajibu wa mtu: "The tenant undertakes all internal repairs." Ni anafanya, au ameahidi kufanya? Kwenye mkataba wa pango, ichukue kama wajibu na utafsiri "mpangaji atawajibika kwa matengenezo yote ya ndani". Ripoti ya mwaka ya mwenye nyumba ikisema hivyohivyo, huenda inaeleza tu kinachotokea.

Programu ya kutafsiri imekupa "kufanya" na sentensi haiingii akilini. Badilisha undertake kwa "promise" ndani ya sentensi ileile ya Kiingereza, kisha uisome tena. Ikikaa, umepata maana. Isipokaa, jaribu "carry out".

Umeshasaini na sasa ndiyo unaelewa. Omba nakala ya ulichosaini leo hii, ufanye hatua ya 5 kwa kalamu, halafu umpelekee wakili karatasi zote mbili. Usimwandikie uliyemwahidi barua ya kujitoa kabla wakili hajaiona, kwa sababu barua hiyo nayo itakuwa ushahidi.